Kofia ya Springfield: Sheria Zilizopita Kama Kipimo cha Mbunge wa Jimbo

Januari 2008, katika joto la kuwania uteuzi wa chama cha Democratic, mwandishi mkongwe Charles Peters aliwashauri wasomaji wa Washington Post wamhukumu Barack Obama kwa sheria alizopitisha alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois. Ushauri huo unavutia, na ndio msingi wa kazi nyingi za kupima wabunge. Nchini Kenya, Mzalendo Trust huhesabu michango ya kila mbunge katika Hansard, na magazeti hayakawii kuwaanika waliokaa kimya. Huko Marekani, Craig Volden na Alan Wiseman walitoa mwaka 2014 kitabu kinachompa kila mwakilishi wa Kongresi alama kulingana na umbali ambao miswada yake ilifika. Makala hii inadai kwamba ushauri wa Peters, ukifuatwa kama ulivyotolewa, unapotosha. Orodha ya miswada iliyopita hutuonyesha kwanza ni nani aliyekuwa ameshika ratiba ya bunge. Vipaumbele vya mbunge hujificha ndani ya vifungu, pale alipokubali kulegeza na pale alipogoma.

Kwamba mbunge hutaka kuchaguliwa tena, na kwamba chama chenye wengi huamua kipi kifike mbele ya bunge, ni mambo yaliyokwisha kuthibitishwa na David Mayhew mwaka 1974 na Gary Cox na Mathew McCubbins mwaka 2005. Hayahitaji kurudiwa hapa. Ubishi uko kwenye kumbukumbu za Obama mwenyewe. Wanaomsifu huzitaja sheria za 2003 na 2004 kama ushahidi wa kipaji chake cha kupatanisha. Wanaombeza hujibu kwamba sheria hizo zilikuwa zawadi ya Emil Jones, Rais wa Seneti, aliyemkabidhi miswada ambayo wengine walikuwa wameihangaikia kwa miaka. Baadhi ya maseneta wenzake, akiwemo Rickey Hendon, hawakuficha kinyongo chao. Kambi hizi mbili zinapingana kwa kelele, lakini zinakubaliana juu ya kosa moja: zote zinaichukulia sheria kama shamba lenye hati, kisha zinagombania jina la mwenye hati. Hakuna kati yao iliyojiuliza kwa nini shamba lilianza kuzaa Januari 2003 na si kabla.

Jibu linaanzia miaka mitano kabla Obama hajaingia bungeni. Katiba ya Illinois ya 1970 inaagiza kwamba vyama vikishindwa kuelewana kuhusu mipaka ya maeneo ya uchaguzi baada ya sensa, iundwe tume ya watu 8. Nayo ikikwama, mjumbe wa 9 apatikane kwa kuchomoa jina. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1981, mwaka 1991 na mwaka 2001. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican, wakachora ramani, wakautwaa uchaguzi wa Seneti wa 1992 na kuishika Seneti kwa miaka 10. Mwaka 2001 mjini Springfield, makao makuu ya Illinois, jina lilichomolewa kutoka kwenye kofia ndefu ya mfano wa ile ya Abraham Lincoln, na safari hii likawa la Democratic. Uchaguzi wa Novemba 2002 uliwapa viti 32 kati ya 59. Obama aliyeapishwa Januari 1997 alikaa basi miaka sita upande wa wachache chini ya Rais wa Seneti James Philip, na karibu miwili upande wa wengi chini ya Jones. Mtu ni yuleyule na imani zilezile. Kilichobadilika zaidi ni nani aliyeshika rungu, na badiliko hilo halikutokana na juhudi zake. Ni nadra mtafiti wa mabunge kupata jaribio safi kiasi hiki. Halijatakasika kabisa, maana kashfa ya leseni za udereva zilizouzwa kwa rushwa, iliyomchafua Gavana George Ryan, iliwaumiza Republican mwaka 2002 kwa namna ambayo ramani peke yake isingeweza. Hata hivyo, kashfa ya gavana pia haikuwa kazi ya mikono ya seneta wa wilaya ya 13.

Chini ya Philip, muswada wa mwanachama wa wachache ulioudhi uongozi ulitupwa kwenye Kamati ya Kanuni na kufia humo, bila mjadala na bila kura. Mchambuzi anayehesabu sheria atamwona seneta mvivu. Anayehesabu hotuba atamwona msemaji asiye na matokeo. Kisha inakuja 2003. Obama anakuwa mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii, na sheria zinafuatana: ya kukusanya takwimu za rangi ya madereva wanaosimamishwa na polisi, ya kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji, na mwaka 2004 ile iliyounda kikosi kazi cha kutafuta njia ya kumpatia bima ya afya kila mkazi. Tukimfuata Peters, itabidi tuseme kwamba Obama alipata kipaji akiwa na umri wa miaka 41.

Sheria ya kurekodi mahojiano inastahili kutazamwa kwa karibu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo Peters aliyoitegemea na ndiyo inayotuwezesha kutenganisha mchango wa mtu na mchango wa wakati. Haja yake haikuzaliwa ndani ya kichwa cha seneta yeyote. Kusini mwa Chicago, polisi waliokuwa chini ya Jon Burge waliwatesa watuhumiwa kati ya 1972 na 1991 ili wakiri. Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993. Kufikia Januari 2000 Illinois ilikuwa imewaua kwa sindano watu 12 tangu irudishe adhabu ya kifo mwaka 1977, na katika kipindi hichohicho watu 13 waliokuwa wakisubiri kifo walibainika kuwa wamehukumiwa isivyo haki. Ryan alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo, akaunda tume, na Aprili 2002 tume ikatoa mapendekezo 85, mojawapo likiwa kurekodi mahojiano yote ya watuhumiwa wa mauaji kituoni. Kwa hiyo wazo lilikuwa la tume, nafasi ilikuwa ya Jones, na hasira ilikuwa ya umma. Kilichobaki kwa Obama ni nini? Kilibaki kifungu. Waendesha mashtaka wa Kaunti ya Cook walikuwa tangu 1999 wakirekodi video ya maungamo ya mwisho, yaani pale mtuhumiwa anapoyarudia maneno aliyokwisha kuyakubali. Kwa polisi wengi hiyo ilitosha. Lakini kipigo au hila ikitumika, hutumika kabla ya hapo, na kamera inayowashwa mwishoni huishia kuutakasa uovu uliotangulia. Sheria iliyotoka katika mazungumzo ya Obama na polisi, waendesha mashtaka na watetezi wa haki ililegeza mambo kadhaa: sauti inakubalika badala ya video, kuna orodha ya hali zinazosamehewa, upande wa mashtaka unaweza kuishawishi mahakama ipokee maelezo yasiyorekodiwa, na utekelezaji ukaahirishwa hadi Julai 2005. Jambo moja halikulegezwa: kinachorekodiwa ni mahojiano yote, tangu mwanzo. Seneti iliupitisha muswada huo bila kura hata moja ya kupinga. Alaska na Minnesota zilikuwa na masharti ya aina hiyo kwa amri ya mahakama, ya 1985 na ya 1994. Illinois ilikuwa ya kwanza kuyaweka kwa sheria ya bunge. Hapo, katika kubadilishana video kwa sauti ili kuuokoa mwanzo wa mahojiano, ndipo tunapokiona kipaumbele cha mbunge waziwazi.

Wapo watakaosema kwamba hata akiwa upande wa wachache Obama alifanikisha sheria ya 1998 ya kupiga marufuku zawadi kwa viongozi. Ni kweli, na inathibitisha hoja yangu: ilipita kwa kuwa Republican kama Kirk Dillard waliibeba pamoja naye, na uongozi wa pande zote uliihitaji. Hoja ya kwamba alikuwa amekomaa ina uzito zaidi, lakini ukomavu huja taratibu, ilhali mabadiliko ya 2003 yalikuja ndani ya kikao kimoja. Wengine watasema kwamba alikuwa tayari anawania Seneti ya Marekani, kwa hiyo vipaumbele vyake vilikuwa vya kampeni. Huenda. Lakini anayetafuta sifa za haraka hutosheka na jina la muswada. Hana sababu ya kukesha akibishana kuhusu dakika za mwanzo za ukanda wa sauti.

Kuhesabu kuna hasara nyingine inayostahili kutajwa hata kama ni kwa kupita. Mwaka 2008 wapinzani wake walimshambulia kwa kupiga kura ya “nipo” karibu mara 130, wakiiita woga. Illinois inadai kura za wengi wa maseneta wote waliochaguliwa, yaani 30, si wengi wa waliomo ukumbini. Anayesema “nipo” ameunyima muswada kura sawasawa na aliyesema hapana. Takwimu iliyonyofolewa kutoka kwenye kanuni zake haina maana.

Kenya ina mabunge 47 ya kaunti tangu 2013, juu ya Bunge la Taifa na Seneti, na humo pia kamati ya shughuli za bunge ndiyo inayopanga kipi kisomwe na lini. Ripoti za kupima wabunge zinazokaa kimya kuhusu kamati hiyo zinawapa alama waliobahatika kukaa upande wenye ratiba. Wanaoziandaa waongeze mambo mawili: muda ambao kila muswada ulisubiri kabla ya kupangiwa siku, na tofauti kati ya matini ya Usomaji wa Kwanza na ile iliyotiwa saini. Nakala zote mbili huchapishwa na serikali. Kuzilinganisha ni kazi ya mtafiti mmoja mvumilivu, na ianze kabla ya uchaguzi wa 2027.