Malaika: Wimbo wa kijana asiye na mahari na mzozo wa nani aliutunga

Malaika ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizorekodiwa na wasanii wengi zaidi duniani, lakini hadi leo hakuna makubaliano kuhusu mtunzi wake. Unasimulia huzuni ya kijana anayetaka kumwoa mpenzi wake, ila hana fedha. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, na kwa msikilizaji wa Kator, mtaa wa Juba, mji ambao Kiarabu cha Juba ndicho lugha ya sokoni, halihitaji tafsiri. Waliorejea humo kutoka uhamishoni Kenya na Uganda huyaelewa na maneno yaliyosalia.

Mkenya Fadhili William, mzaliwa wa Taita, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuurekodi, mwaka 1960, akiwa na bendi ya Jambo Boys. Mwaka 1963 aliurekodi upya na Equator Sound Band, chini ya lebo ya Equator ya Charles Worrod mjini Nairobi. Toleo hilo ndilo lililoenea, na jina la Fadhili likaambatana na wimbo.

Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya An Evening with Belafonte/Makeba, iliyotunukiwa Grammy mwaka uliofuata. Hapo ndipo Malaika ilipovuka bahari. Katika muongo huohuo kundi la Hep Stars la Uswidi, lililokuwa na Benny Andersson, baadaye wa ABBA, lilitoa toleo lake. Boney M walifuata mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaujumuisha katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991.

Kadiri wimbo ulivyosafiri, ndivyo swali la hakimiliki lilivyozidi kuwa zito. Kumiliki rekodi ya kwanza si sawa na kutunga, ingawa karatasi za kampuni mara nyingi huyachukulia mambo hayo mawili kuwa moja. Wapo wanaosema mtunzi ni Lucas Tututu wa Mombasa. Grant Charo, naye Mkenya, alidai kuwa ni wake. Madai yanayogusa zaidi ni ya Mtanzania Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916: inasimuliwa kwamba aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi walimwoza kwa mwanamume tajiri. Simulizi hiyo inalingana na maneno ya wimbo kuliko nyingine zote, lakini kulingana si ushahidi, na nyimbo za dansi za enzi hizo zilipita kutoka kinywa hadi kinywa kabla ya mtu yeyote kufikiria kuziandikisha.

Fadhili William alifariki dunia mwaka 2001. Hakimiliki za matoleo mengi zingali zinamtaja yeye kuwa mtunzi.