Kwake na Kwao: Nyumba ya Mtoro bin Mwinyi Bakari baina ya Bagamoyo na Berlin



Kila nisomeshapo Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, hatokosekani mwanafunzi wa kuuliza mwenye kitabu hicho ni nani. Jina lililokitambulisha tangu mwanzo ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, Bagamoyo, ambaye sehemu kubwa ya maelezo yale ni yake, alitajwa katika dibaji tu. Ilibidi kungoja tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ndipo jina lake likapewa nafasi katika anwani ya kitabu. Suala hilo limekwisha kuandikiwa na wengine. Mimi leo nakusudia kuzungumzia nyumba yake.

Bagamoyo aliyokulia Mtoro ulikuwa mji wa wahamiaji. Misafara ya pembe za ndovu iliishia hapo, wapagazi wa Kinyamwezi wakapiga kambi, Wahindi na Waarabu wakafungua maduka, na Wajerumani nao wakaufanya makao yao makuu hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Katika mji wa namna hiyo mgeni hakuanza maisha peke yake. Alitafuta mwenyeji, na neno lenyewe, likichambuliwa, ni mwenye mji. Mwenyeji alimwonyesha mgeni pa kulala, akamtambulisha, akamdhamini.

Nyumba ya wanandoa nayo haikuanzishwa na watu wawili. Sura za ndoa katika kitabu cha Mtoro zina watu wengi mno: washenga wa posa, wazee wa pande zote mbili, makungwi, majirani. Vyombo vya nyumba ya Mrima havikuwa vya fahari: mafiga matatu, vyungu, mtungi na kata yake, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, mikeka, kitanda cha kamba. Lakini karibu kila kimoja kilikuwa na mtu nyuma yake, aliyekifinyanga, aliyekisuka au aliyekichukua kichwani siku ya kuhamia. (Nilipokwenda kusoma ng'ambo nilitia mbuzi ya nazi katika sanduku langu. Nazi sikuipata kwa miezi mingi. Hata hivyo chombo kile hakikutoka mezani.)

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Hakuwa wa kwanza. Sleman bin Said na Amur bin Nasur walikwisha kumtangulia. Wanafunzi wake walikuwamo maofisa waliojiandaa kuja kutawala huku kwetu. Tuitafakari hali hiyo: mtu afundishaye watawala lugha ya kuwaamrisha jamaa zake, naye katika mji ule hana mwenyeji wala jirani wa kumwazima kinu. Lugha yetu ina kitenzi kwa hali yake, nacho ni kupanga. Aliyepanga ana mlango na ufunguo, lakini hana mji.

Mnamo mwaka 1904 alimwoa Bi Bertha Hilske, Mjerumani. Ndoa ilifungwa Berlin, kwa sheria ya Ujerumani, na nyumba ikapatikana. Mwaka uliofuata, baada ya kutoelewana na wakubwa wa kazi, aliiacha Seminari, akapanda meli pamoja na mkewe ili warudi Afrika Mashariki. Meli ilipofika pwani, serikali ya koloni haikumruhusu kuingia nchini na mkewe. Wakarudishwa Ujerumani.

Hapa naomba tuisikilize sarufi. Mswahili akiulizwa, 'Kwako wapi?' hutaja nyumba anamolala. Akiulizwa, 'Kwenu wapi?' hutaja asili yake, na hujibu kwa wingi, 'Kwetu Bagamoyo', ijapokuwa yu peke yake. Kiambishi kile cha wingi si pambo, kwa maana asili haimilikiwi na mtu mmoja. Ndoa, kwa desturi aliyoieleza Mtoro mwenyewe, ndiyo hasa inayoiunganisha kwake na kwao, kwa kuwa bibi harusi huingizwa katika wingi ule. Amri ya mwaka 1905 iliukata uzi huo. Berlin Mtoro aliruhusiwa kuwa na kwake. Kwao alizuiliwa kwenda, kwa sababu ya yule aliye kwake.

Wapo wanaoieleza amri hiyo kwa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai mwaka huohuo. Hofu ya vita sikatai, ila maelezo hayo peke yake hayanitoshi. Ndoa baina ya Wazungu na wenyeji zilipigwa marufuku mwaka 1905 katika koloni la Kijerumani la Afrika ya Kusini Magharibi, ambako vita vilikuwa vikiendelea, na mwaka 1906 huku Afrika Mashariki. Watawala waliogopa kitu kidogo kuliko vita: mwanamke wa Kijerumani anayepika katika nyumba ya Mswahili wa Dunda, jirani zake wakimwita shemeji. Nyumba moja ya namna hiyo ingetosha kuiharibu hoja yao nzima juu ya nani bwana na nani mtumishi.

Miaka iliyofuata Mtoro aliishi kwa elimu yake. Alifundisha Hamburg chini ya Carl Meinhof, akazunguka kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, na akaandika barua kudai haki zake. Safari hiyo ndefu imechunguzwa kwa makini na Ludger Wimmelbücker katika kitabu chake cha mwaka 2009. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Wakati huo koloni lililomfungia mlango lilikuwa limekwisha miaka kadhaa, Bagamoyo iko mikononi mwa Waingereza, naye bado alikuwa amepanga.