Baruti na Kisukumio

Neno baruti tumelizoea hata twalidhani la kwetu tangu asili. Kumbe ni mgeni aliyekaa mno hata ugeni wake ukasahauliwa. Latokana na Kiarabu, barud, nalo zamani lilikuwa jina la shura peke yake. Ibn al-Baytar, mjuzi wa dawa aliyefariki Dameski mwaka 1248, alilitumia kwa maana hiyo. Watu walipojua kuchanganya shura na makaa na kiberiti, jina la sehemu moja likahamia mchanganyiko wote. Katika mafungu 100, yaliyozoewa ni 75 ya shura, 15 ya makaa na 10 ya kiberiti.

Wenzake nao wana habari zao. Risasi ni jina la madini yenyewe. Bunduki latoka katika jina la kokwa dogo gumu, kisha la kidonge kilichorushwa kwa upinde. Mzinga ni wetu: ni gogo lililotobolewa wakae nyuki, na chombo cha chuma kilichotobolewa mfano wake kikapewa jina lilo hilo.

Basi, baruti ina kazi mbili. Ikishindiliwa kwa mdeki ndani ya bunduki, huwaka, na hewa yake ikitanuka huisukuma risasi. Ikitiwa katika tundu la jiwe, hulipasua. Kwa kitu kifanyacho kazi ile ya kwanza Waingereza wana neno propellant, litokalo katika Kilatini propellere, maana yake kusukuma mbele. Sisi tumebaki na neno moja kwa zote mbili; hata dinamiti, aliyoipatia Alfred Nobel hati ya uvumbuzi mwaka 1867, machimboni huitwa baruti.

Lakini vitu visukumavyo vimezidi. Mwaka 1926 Robert Goddard wa Marekani alirusha roketi kwa petroli na oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji. Tarehe 12 Desemba 1970, baharini karibu na Malindi, roketi iitwayo Scout iliipandisha setilaiti Uhuru, nayo ilitumia visukumavyo vigumu. Tena katika mikebe ya manukato na ya dawa ya mbu, hewa iliyobanwa ndiyo isukumayo dawa nje, wala haihitaji kuwaka ili kuifanya kazi hiyo.

Hapo ndipo upungufu wa neno uwezapo kuleta madhara. Tuliwauliza wanafunzi wetu kama mkebe wa dawa ya mbu uliokwisha waweza kupasuka motoni. Wengi walijibu kwamba hauwezi, kwa kuwa hamna baruti ndani. Jibu lao lilifuata neno tulilowafundisha, wala si kosa lao. Hewa hubaki katika mkebe. Ikipata moto hutanuka, mkebe ukapasuka. Tena mara nyingi hewa yenyewe hushika moto.

Kwa hiyo twaona yafaa kusema kisukumio, yaani kitu cha kusukumia, kama tusemavyo kifungio kwa kitu cha kufungia. Kiwe baruti, petroli au hewa, jina litaonyesha kazi. Baruti na ibaki kwa unga wake wa zamani. Nao walimu wenzetu, kabla ya kulikubali neno hili au kulikataa, na wawaulize wanafunzi wao swali lile la mkebe.