Bei ya Risasi Moja

Ukimwambia msee mpatane kwa Kimathi pale tao Nairobi, huhitaji kueleza zaidi. Sanamu iko pale tangu tarehe 18 Februari 2007, siku ambayo Rais Mwai Kibaki aliizindua, miaka 50 kamili baada ya mwenyewe kunyongwa Kamiti. Rasta mabegani, mkono mmoja bunduki, mkono mwingine kisu. Watu wanapiga selfi hapo, wapenzi wanangojeana hapo, na karao anapita bila hata kuinua macho.

Ile bunduki haina leseni. Najua ni ya shaba, lakini ngoja.

Watu wengi tuliosoma historia ya shule tunadhani Dedan Kimathi alinyongwa kwa sababu aliua, au kwa sababu aliongoza Mau Mau. Sivyo. Alipopigwa risasi na kukamatwa kando ya msitu wa Nyeri, Oktoba 1956, serikali ya kikoloni ilikuwa na mengi ya kumshtakia. Ilichagua mawili tu: kupatikana na bastola, na kupatikana na risasi sita. Kesi ilisikizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu, Kenneth O'Connor, Novemba mwaka huo. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa anatoka msituni kujisalimisha. Hawakumwamini. Bastola ilitosha, akahukumiwa kifo.

Yaani mtu mkubwa kuliko wote katika vita vile, kwenye karatasi za korti, alikufa kwa kukosa kibali cha silaha.

Na hakuwa peke yake. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka uliofuata gavana alitunga kanuni kwamba kumiliki silaha bila idhini ni kosa la kunyongwa. Risasi nayo ikaingia humo. Hata moja. Hata kama huna bunduki ya kuitia. Korti maalum zikaundwa ili kesi ziende mbio. Mpaka vita vinaisha, watu 1,090 walikuwa wamepanda mti wa kunyongea kwa makosa ya Mau Mau. Wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu yeyote. Walipatikana na chuma.

Kanuni hiyo haikuwa ya Nyeri peke yake. Serikali ilikuwa na kifupi chake, KEM: Kikuyu, Embu, Meru. Ukiwa mmoja wa hao watatu, ulibeba kipande chako kila mahali, na mnamo Aprili 1954, kwenye Operesheni Anvil, ungezolewa Nairobi kama takataka hata kama hujawahi kuuona msitu. Hadithi ya Mau Mau husimuliwa sana kutoka upande wa Aberdare, na upande wa mashariki wa Mlima Kenya huwa kama tanbihi. Lakini ukitaka kuelewa bunduki ilimaanisha nini wakati ule, nani aliruhusiwa kuishika na ilimgharimu nani, panda matatu ya Embu kwenda Meru. Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu. Barabara hiyo ndiyo hesabu yenyewe.

Tuanze na chuma.

Wapiganaji wa msituni walikuwa maelfu, lakini wenye bunduki za kiwandani walikuwa wachache mno. Nyingine ziliibwa kwa walowezi, nyingine zilivamiwa kwenye vituo. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 waliingia kituo cha polisi cha Naivasha na kuondoka na shehena ya bunduki, zikiwemo za otomatiki. Bahati kama hiyo haikujirudia. Waliobaki walitengenezewa na mafundi: paipu ya maji ikawa mtutu, komeo la mlango likawa kifungio, vipande vya tyubu vikafanya kazi ya springi, na kitako kikachongwa kwa mti. Mafundi wenyewe walikuwa maseremala na wahunzi, na baadhi ya wapiganaji walikuwa maaskari wa zamani wa King's African Rifles waliofundishwa bunduki na Mwingereza ili wakapigane Burma. Walijua bunduki nzuri ni ipi, na walijua kwamba hii sio. Mara nyingine ilimlipukia aliyeishika. Ukiigeuza hiyo kwa macho ya leo, ni kama kuingia vitani na pikipiki ya mbao.

Lakini tazama sheria inavyoiona. Komeo likiwa mlangoni ni komeo. Paipu ikiwa dukani kwa Mhindi pale Embu mjini ni paipu. Ukiziweka pamoja chini ya kitanda, wewe ni maiti inayotembea. Hakuna kitu kilichobadilika kwenye chuma. Kilichobadilika ni nani anacho na anashukiwa nini. Vita vilipozidi kukaza, risasi moja, kitu unachoweza kukisahau mfukoni, ikawa na bei ambayo hakuna duka lingeweza kuiandika: shingo.

Wakati huohuo, upande wa pili, silaha zilikuwa zinagawanywa. Mlowezi alikaa mezani na bastola kiunoni, na karatasi yake ilikuwa safi. Kwa Waafrika waliosimama na serikali kulikuwa na Home Guard. Wenyeji waliwaita kamatimu, jina linalotokana na matimu, yaani mikuki, kwa sababu mwanzoni ndiyo silaha waliyopewa. Mkuki na panga. Bunduki zilikuja baadaye, kidogo kidogo, kwa walioaminika. Kwa hiyo uaminifu wako kwa serikali ungeweza kuupima kwa kile ulichoruhusiwa kubeba.

Sasa fika Chuka. Siku hizi iko kaunti ya Tharaka-Nithi. Wakati ule ilikuwa wilaya ya Meru.

Juni 1953 kikosi cha kampuni B, batalioni ya 5 ya King's African Rifles, kiliingia sehemu hizo kuwasaka Mau Mau waliosemekana kushuka kutoka mlimani. Kamanda wao alikuwa Mwingereza, Kapteni Gerald Griffiths. Mambo yaliyotajwa kortini baadaye yalitia aibu hata London: askari wake walikuwa wanaahidiwa shilingi 5 kwa kila Mau Mau watakayemuua. Shilingi 5 kwa kichwa. Siku chache kabla, karibu na Nyeri, Griffiths alikuwa amekagua vipande vya wafanyakazi wa msituni, akawarudishia, kisha akawamiminia risasi za bren, bunduki ya otomatiki ya jeshi, kwa mgongo.

Soma hiyo tena. Vipande vyao vilikuwa sawa. Bunduki yake pia, kwa maana ya rejista, ilikuwa sawa: mali ya Malkia, namba imeandikwa, risasi zimehesabiwa na karani.

Chuka, kikosi chake kiliua watu wapatao 20 ndani ya siku chache. Hawakuwa Mau Mau. Kati yao walikuwemo kamatimu, watu wa serikali yenyewe, waliokuwa wakisaidia operesheni. Walikuwa upande wa sheria kwa kila kipimo ambacho sheria ilikuwa imewawekea. Walikuwa na kila kitu isipokuwa ngozi ya kuaminika.

Griffiths alishtakiwa Novemba 1953 kwa mauaji ya yale ya Nyeri. Akaachiliwa. Kelele zikawa nyingi, jeshi likaunda tume ya uchunguzi, na Machi 1954 akarudishwa kizimbani, safari hii kwa namna alivyowatesa wafungwa wawili. Akapata miaka 5 na kufukuzwa jeshini. Kwa wale watu 20 wa Chuka, hakuna hata mtu mmoja aliyehukumiwa. Faili zikafungwa kwa miongo, na familia zikabaki na makaburi na jina la mahali.

Weka hizo kesi mbili mezani, kando kwa kando. Mtu wa Embu aliyepatikana na risasi moja ambayo hajaifyatua: kifo. Ofisa aliyewamiminia risasi watu wenye vipande halali: miaka 5, tena si kwa ajili yao. Unaweza kusema ukoloni ulikuwa ukoloni, unashangaa nini? Nashangaa jinsi yote yalivyofuata utaratibu. Hakukuwa na fujo ya sheria. Kulikuwa na kanuni, fomu, muhuri, jaji, wakili, rufaa. Sheria ilifanya kazi yake vizuri kabisa, na kazi yake ilikuwa kuamua chuma kilekile kikiwa mkononi mwa nani ni ulinzi, na kikiwa mkononi mwa nani ni kitanzi.

Na hapa ndipo Meru inauliza swali ambalo hatupendi kulijibu.

Desemba 1963 bendera ilipanda. Field Marshal Musa Mwariama, ambaye Waingereza hawakuwahi kumkamata, alitoka msitu wa Meru akapigwa picha na Jomo Kenyatta, rasta mpaka kifuani. Picha hiyo unaijua. Wapiganaji waliombwa watoke wakabidhi silaha, kwa kuwa sasa serikali ni yetu. Wengi walitoka. General Baimungi, naye wa Meru, alitoka akaangalia, akauliza mashamba yako wapi, na hakuridhika na jibu. Akarudi msituni na watu wake. Bunduki zile ndizo zilizokuwa dhamana pekee aliyokuwa nayo. Akiziachilia, atadai shamba kwa nini? Januari 1965 vikosi vya serikali ya Kenya huru vilimuua.

Sijasema alikuwa sahihi kukataa. Nchi haiwezi kuwa na majeshi mawili. Ninachosema ni kwamba mwaka mmoja na kitu baada ya uhuru, kosa lilikuwa lilelile, na adhabu ikawa ileile, bila hata kupitia kortini.

Mau Mau wenyewe waliendelea kuwa chama haramu kwa mujibu wa vitabu mpaka 2003. Yaani mimi na wewe tulipokuwa tunaimba kuhusu mashujaa kwenye sherehe za shule, mashujaa walikuwa bado wamepigwa marufuku na ukoloni uliokufa miaka 40 nyuma. Uingereza ilikuja kukubali mateso Juni 2013, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Gawanya. Ni chini ya pauni 4,000 kwa mtu. Tangu zile shilingi 5 za Griffiths, bei ya mwili wa Mwafrika angalau ilikuwa imepanda.

Na sheria? Sheria ya Silaha tunayotumia leo, Sura ya 114, iliandikwa 1953 na kuanza kufanya kazi 1954, katikati ya hayo yote. Imerekebishwa mara nyingi, lakini mifupa ni ileile. Bado inasema kwamba silaha si bunduki nzima tu, bali hata sehemu yake. Silaha za otomatiki zimekatazwa kwa raia, na AK-47, G3 na MP5 zimetajwa kwa majina. Ukipatikana na mojawapo bila idhini, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa bunduki ndogo unaweza kuomba leseni, ukiwa na cheti cha tabia njema, na ukiwa mtu wa kuonekana anastahili. Mtu wa kuonekana anastahili. Unajua Nairobi hiyo inamaanisha nani, na unajua si kijana wa Mathare.

Siwatetei wenye AK. Muulize mfugaji au mkulima wa upande wa kaskazini wa Meru, kule inakopakana na Isiolo, akueleze jinsi usiku unavyolala mtu akijua majambazi wa mifugo wana bunduki na yeye ana rungu. Atakwambia anataka sheria kali zaidi. Halafu, bila kupumua, atakwambia anataka polisi wa akiba wa kijijini kwao wapewe bunduki. Hayo mawili hayapingani. Ni swali lilelile la kamatimu na mkuki wake: serikali inamwamini nani, na anayebaki nje ya huo uaminifu analindwa na nani?

Siku nyingine ukienda Meru, matatu itapita Chuka. Abiria watanunua ndizi dirishani, makanga atapiga bodi, gari litaondoka. Utakuwa umepita mahali ambapo watu 20 waliuawa kwa bunduki halali.

Ukirudi tao, pita kwa Kimathi. Angalia ile bunduki yake vizuri.