Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Oklahoma: Historia Fupi

Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Oklahoma, katika mji wa Norman, ilianza mwaka 1900 ikiwa na mwalimu mmoja. Wakati huo Oklahoma haikuwa jimbo bado, na chuo chenyewe kilikuwa na miaka kumi tu tangu kiundwe kisheria. Mwalimu huyo alikuwa Charles Newton Gould, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1868, aliyekulia Kansas na kufundisha shule za huko kabla ya kuitwa Norman na David Ross Boyd, rais wa kwanza wa chuo. Hakukuta maabara wala vifaa. Alichokuwa nacho ni nyundo, miguu imara na moyo wa kufundisha, na juu ya hivyo vitatu ndipo idara iliposimama.

Januari 1903 moto uliteketeza jengo kuu la chuo pamoja na mengi yaliyokuwamo. Kwa idara changa hilo lilikuwa pigo, lakini Gould hakukaa kulia juu ya majivu. Alifunga farasi kwenye gari la turubai, akapakia mahema, unga na vyungu, akarudi porini na wanafunzi wake kukusanya mawe upya. Gari hilo likawa darasa. Miaka mingi baadaye alipoandika kumbukumbu za maisha yake, ni hilo gari alilolitaja katika jina la kitabu chenyewe.

Darasa lililopendwa kuliko yote lilikuwa Milima ya Arbuckle, yapata kilomita 100 kusini mwa Norman. Si milima mirefu. Thamani yake ni kwamba hapo ardhi imepinduka: matabaka ya mawe ya chokaa na mchanga ambayo kwingineko Oklahoma yamefukiwa chini sana, Arbuckle yamesimama wima kando ya njia, mtu anayapita moja moja kama anayesoma kurasa. Mwanafunzi aliyelishika jiwe la tabaka la Viola au la Simpson kwa mkono wake hapo Arbuckle alilitambua hata lilipotoka vipande vipande kwenye kisima cha kina kirefu. Wahitimu wa Norman walitembea na ujuzi huo mpaka Mexico na Ghuba ya Uajemi.

Mafuta yenyewe yalikuwa yakinukia pande zote. Kisima cha kwanza cha biashara kilichimbwa Bartlesville mwaka 1897, eneo la Glenn Pool likagunduliwa mwaka 1905, na Oklahoma ilipofanywa jimbo Novemba 1907 ilikuwa tayari inaongoza Marekani nzima kwa uzalishaji. Hata hivyo wachimbaji wa siku hizo hawakuwa na haja na msomi. Walichimba palipofanana na pale jirani alipobahatika, walifuata mikondo ya vijito, na wengine walikodi wapiga ramli wenye vijiti vya kuinama juu ya ardhi. Gould na wenzake walifundisha jambo jingine: mafuta na gesi, kwa kuwa ni vyepesi kuliko maji, hupanda na kunaswa chini ya mikunjo ya miamba iliyobinuka kama mgongo wa ng'ombe, na mikunjo hiyo hupimika. Ilichukua muda kusadikiwa. Palipochimbwa mikunjo iliyopimwa na mafuta yakatoka, makampuni yakaanza kuja Norman kutafuta vijana.

Gould alifanya pia jambo ambalo jimbo linapaswa kumshukuru kwalo daima. Kwa juhudi zake katiba ya mwaka 1907 iliagiza kuundwa kwa taasisi ya uchunguzi wa jiolojia, na mwaka 1908 ikaundwa, yeye akiwa mkurugenzi wa kwanza. Taasisi na idara zilikaa chuo kimoja, zikashirikiana walimu na wanafunzi. Wakati wa likizo kijana alilipwa kwenda kupima ardhi, na msimu wa masomo ulipofunguliwa alirudi darasani na vumbi la kazi halijamtoka. Frank Buttram alipita njia hiyo. Alikuwa mhitimu wa idara, akafanya kazi katika taasisi, akaandika ripoti ya eneo tajiri la mafuta la Cushing mwaka 1914, kisha akajitosa katika biashara na kuwa miongoni mwa matajiri wa Oklahoma City. Mwaka 1911, baada ya upepo wa siasa kuvuma chuoni, Gould aliondoka kwenda kufanya kazi ya ushauri. Ushauri wake mmoja ulielekeza kuchimbwa kwa kisima cha Desemba 1918 kaskazini mwa Texas, kilichofungua eneo kubwa la gesi la Panhandle.

Kati ya wanafunzi wote wa enzi za mwanzo, hakuna anayesimuliwa kama Everette Lee DeGolyer. Alizaliwa Kansas mwaka 1886. Majira fulani ya joto alijiunga na kikosi cha wapimaji wa serikali kuu huko Wyoming, na kazi aliyopewa ilikuwa ya upishi. Mpishi huyo alijua miamba kuliko ilivyotarajiwa, na mkuu wa wanajiolojia wa serikali, C. Willard Hayes, akamwona. Hayes ndiye aliyempeleka Mexico mwaka 1909 katika kampuni ya El Águila ya Mwingereza Weetman Pearson, naye DeGolyer alikuwa hajahitimu bado. Mwaka 1910 alimwoa Nell Goodrich, ambaye walijuana chuoni. Desemba ya mwaka huohuo kisima alichokionyesha yeye, Potrero del Llano namba 4, kilifumka na kumwaga mapipa yapatayo 110,000 kwa siku. Aliyekionyesha kisima hicho, akiwa na umri wa miaka 24, alirudi Norman, akaketi tena darasani, akachukua shahada yake mwaka 1911. Walimu wa idara walilisimulia hilo kwa kila kundi jipya, na walikuwa na haki ya kujivuna.

Januari 1916 wanajiolojia wa mafuta walikutana Norman, wakiwa wageni wa chuo. Mkutano huo ulizaa chama kilichoundwa rasmi Tulsa mwaka 1917, ambacho mwaka uliofuata kilichukua jina la Chama cha Wanajiolojia wa Mafuta cha Marekani. Charles H. Taylor wa idara ya Norman ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza wa jarida lake.

Mwaka 1921 ulileta tunda jingine. Irving Perrine na Daniel W. Ohern, wote wawili waliowahi kufundisha jiolojia Norman, waliungana na mwanafizikia William P. Haseman na mwanafunzi wake wa zamani J. Clarence Karcher. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Karcher alikuwa amejifunza kupima mahali pa mizinga kwa sauti yake. Wazo lao lilikuwa kulipua baruti ardhini na kunasa mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka ya chini. Agosti 9, huko Vines Branch katika milima ileile ya Arbuckle, mwangwi ulirudi na umbo la miamba likachorwa. Bei ya mafuta ilianguka na kampuni waliyoiunda ikasimama, lakini DeGolyer hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1925 alimwita Karcher na kumpa mtaji. Upimaji wa mitetemo unaotumika leo duniani kote kutafuta mafuta, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, una asili yake hapo.

Wanawake pia walipita idarani mapema. Dollie Radler Hall, aliyepata shahada ya pili mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Amerada huko Tulsa akapanda mpaka kusimamia kazi za jiolojia za kampuni, wakati ambapo makampuni mengi yaliwapa wanawake hadubini na visukuku tu. Kwa Wamarekani weusi mlango ulichelewa sana: sheria za ubaguzi ziliwafungia chuo kizima mpaka mwaka 1948, na mahakama kuu ya nchi ikatoa uamuzi dhidi ya ubaguzi huo mwaka 1950.

Miaka ya 1920 na 1930 fedha za taasisi ya jimbo zilikatizwa zaidi ya mara moja. Gould alirudi mwaka 1924 kuiinua tena. Wakati wa vita vya pili vya dunia DeGolyer aliongoza ujumbe wa serikali uliokwenda Mashariki ya Kati mwaka 1943, akarudi na kauli kwamba kitovu cha mafuta duniani kilikuwa kinahamia Ghuba ya Uajemi. Mwaka 1949, mwaka aliofariki Gould, DeGolyer alikizawadia chuo vitabu adimu vilivyoanzisha mkusanyo wa historia ya sayansi. Leo mkusanyo huo una matoleo ya kwanza ya vitabu vya Galileo.

Yaliyofuata ni ya karibu. Jengo la Gould Hall lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Idara ikawa shule, na jiofizikia ikaingizwa katika jina lake. Bei za mafuta zilianguka mwaka 1986, na miaka iliyofuata haikuwa myepesi kwa wahitimu. Shule ilihamia jengo la nishati la Sarkeys, na kwa muda ikabeba jina la kampuni ya ConocoPhillips. Mwaka 2015, baada ya kipindi cha mijadala mizito, taasisi ya jiolojia ilitamka kwamba matetemeko mengi ya Oklahoma yalielekea kusababishwa na maji taka ya visima yanayosukumwa ardhini.

Gari la turubai halipo tena, lakini wanafunzi wa Norman bado wanafundishwa miamba nje, kwa nyundo, na kila majira ya joto huenda kambini karibu na Cañon City, Colorado.