Keki Ndogo za Tanuri Linalopoa: Zilikotoka Hadi Kufika Kwetu Kilwa Masoko

Katika kitabu hiki cha miaka kumi wenzetu wameandika habari za hisa, za mikopo na za mfuko wa jamii. Sisi wa kamati ya mapishi tumepewa kurasa hizi tueleze historia ya ile biashara iliyobishaniwa mikutanoni kuliko zote, yaani vile vikeki vidogo vya aisingi ambavyo Wafaransa huviita petits fours na sisi hapa Kilwa Masoko tumezoea kuviita petifuu. Ubishi wenyewe mnaujua. Wapo wanaosema ni anasa ya Wazungu na kupoteza sukari, mkopo wa kikundi uende kwenye vitumbua na samaki wa kukaanga, vitu vinavyonunuliwa kila siku. Wapo wanaosema harusi moja yenye petifuu inalipa kuliko vitumbua vya wiki mbili. Ugomvi huo ni wa mkutano mkuu, hatuumalizi hapa. Ila tumeona si vizuri watu wagombanie kitu wasichokijua kilikotoka.

Tuanze na jina. Petit four kwa Kifaransa ni tanuri dogo. Zamani huko Ulaya tanuri lilikuwa chumba cha matofali. Kuni ziliwashwa humo ndani mpaka matofali yakaiva kwa joto, kisha makaa yakaondolewa, na mkate ukaokwa kwa joto lililobaki. Joto la kwanza ni kali, hilo la mikate mikubwa na nyama. Baada ya hapo tanuri linaanza kupoa polepole, na joto lile la mwisho ndilo lililoitwa tanuri dogo. Vitu vidogo visivyotaka moto mkali viliingizwa wakati huo, vikabaki na jina hilo. Kwa hiyo asili yake ni kutumia moto ambao kuni zake zimekwisha kulipiwa. Mwanamke yeyote aliyewahi kuacha maharage yajimalizie kwenye jiko linalozimika analielewa jambo hili bila kufundishwa.

Lakini tusidanganyane, walaji wake wa kwanza walikuwa matajiri. Mpishi anayetajwa sana katika habari hizi ni Antonin Carême wa Paris. Alizaliwa karibu na mwaka 1784 katika familia maskini yenye watoto wengi, na inasimuliwa kwamba baba yake alimwacha mjini angali mtoto ajitafutie. Akaanza kwa kazi za jikoni katika mgahawa wa watu wa kawaida, akaingia duka la keki, akapanda mpaka kumpikia Talleyrand, waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1815 alitoa vitabu vyake vya mapishi ya keki. Alikufa mwaka 1833. Kwa maoni yetu, kati ya watu wote wa habari hii yeye ndiye tungempa kadi ya uanachama.

Sasa tuje kwenye sukari, maana hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi wenyewe.

Petifuu karibu nusu yake ni sukari: ndani ya keki, ndani ya jamu, na juu kwenye aisingi. Ufaransa ya wakati ule haikuwa na miwa. Sukari ya Ufaransa ilitoka visiwani, na iliyo nyingi kuliko zote ilitoka Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti, ikilimwa na watumwa kutoka Afrika. Wengi wao walitoka pande za Magharibi na Kongo, lakini wapo pia waliopelekwa kutoka Msumbiji. Na huku kwetu je? Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, hapo hapo Kisiwani tunapopaona tukisimama gatini. Mkataba ulisema apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na juu ya kila kichwa Sultani alipwe piasta 2 za ushuru. Watu hao walipelekwa Île de France, ambayo sasa ni Mauritius, na Bourbon, ambayo sasa ni Réunion. Walilimishwa kahawa na mazao mengine, na karne iliyofuata visiwa vyote viwili vikageuka kuwa mashamba ya miwa. Kahawa na sukari, yaani meza ile ile ya vikeki.

Hatusemi kwamba kila kikeki kilicholiwa Paris kilikuwa na jasho la mtu wa kusini. Tunasema barabara ile ilipita hapa. Wamakua na Wayao, ambao wajukuu wa ndugu zao wamo katika kikundi hiki, walipita pwani hii wakiwa wamefungwa. Tuliposoma habari hizi kikaoni bibi mmoja aliuliza, "Kumbe waliolima sukari hiyo ni sisi?" Kikao kilinyamaza, hata mweka hazina akaacha kuhesabu.

Utumwa uliondolewa Mauritius mwaka 1835 na Réunion mwaka 1848. Haiti hawakungoja kuondolewa. Waliasi mwaka 1791, na mwaka 1804 wakajitangazia uhuru. Hapo Wafaransa wakapungukiwa na sukari, na manowari za Waingereza zikazidi kuwabana baharini. Ndipo Napoleon mwaka 1811 akaamuru walime viazisukari, maana tangu mwaka 1747 mtaalamu wa Berlin, Marggraf, alikwisha kuonyesha kwamba mmea ule una sukari ile ile ya muwa. Mpaka leo sukari nyingi ya Ufaransa hutoka kwenye viazisukari.

Hapa Tanzania sukari ina visa vyake. Karne ya 19 miwa ya Pangani ililimwa na kusagwa na watumwa. Baadaye vikaja viwanda, TPC kule Arusha Chini, kisha Kilombero na Mtibwa. Mama zetu hawasahau miaka ya mwanzo ya 1980, sukari ikipatikana kwa foleni katika duka la RTC au la ushirika, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao. Keki haikupotea katika shida zote hizo, kwa sababu pwani tulikuwa na yetu: mkate wa mayai.

Na hapa tuwaambie wale wanaosema petifuu ni ya kigeni. Keki ya chini ya petifuu ni mayai yaliyopigwa na sukari mpaka yaumuke, kisha unga ukakunjwa ndani taratibu. Wafaransa huongeza siagi kidogo iliyoyeyushwa, sisi huongeza iliki. Tofauti iliyobaki ni ndogo sana. Bibi aliyeoka mkate wa mayai kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, alikuwa amekwisha kufika nusu ya safari.

Nusu ya pili ndiyo kazi. Sisi hutumia mayai 4, sukari gramu 120 na unga wa ngano gramu 120 kwa trei ya sentimita 20 kwa 30. Huoka katika tanuri la kuni la mwoka mikate wa mtaani, akishatoa mikate yake ya asubuhi. Humlipa kidogo, na mkaa unabaki nyumbani. Kupima joto tunaweka karatasi nyeupe: ikigeuka nyeusi upesi, ngoja, ikiwa rangi ya chai ya maziwa, ingiza trei. Keki ilale siku moja, maana keki mbichi ikikatwa inamwaga makombo na makombo ni adui wa aisingi. Kesho yake tunaikata nusu mbili, tunapaka jamu ya nanasi iliyochujwa, tunapandanisha, juu tunalaza tabaka jembamba la korosho. Ulaya hilo tabaka ni la lozi na sukari, huitwa marzipani. Lozi huku ni ghali, korosho tunazo. Mkorosho nao ni mgeni, Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini nani leo atamwambia mtu wa Lindi kwamba korosho si yake? Saga korosho na sukari ya aisingi kwa uzito sawa, shikanisha kwa maji ya sukari yaliyochemka, sukuma kama chapati. Gandamiza keki kwa sinia zito, punguza kingo, kata vipande vya sentimita 3. Trei moja inatoa vipande 24. Ukipata zaidi ya hapo umekata vidogo mno na mteja ataona.

Aisingi yenyewe inaitwa fondanti, na wengi huiogopa bure. Chemsha sukari nusu kilo kwa maji robo lita kasoro, na kijiko cha maji ya ndimu ili isigande chembechembe. Usikoroge ikishachemka. Hatuna kipimajoto, tunadondosha tone katika maji baridi: likikusanyika likawa kidonge laini, epua. Mimina kwenye sinia lililoloweshwa, ngoja mpaka mkono uvumilie, kisha songa kwa mwiko. Itakuwa kama maji, itakuwa kama ukungu, halafu ghafla itageuka nyeupe na ngumu. Hapo shoga mkono unauma kweli. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, ilale. Siku ya kazi unaipasha juu ya sufuria la maji ya moto, iwe vuguvugu tu. Ikizidi moto inapoteza mng'aro, ikikauka inakuwa kama chokaa. Panga vipande kwenye wavu, mimina juu kwa kijiko mpaka pande zote zifunikwe, acha. Usirudie kugusa! Wakati wa masika hewa ya hapa imejaa maji na aisingi inatoa jasho, kwa hiyo Machi hadi Mei tunamimina alfajiri, na hatuweki kwenye friji hata tukiombwa.

Kingo zilizokatwa hazitupwi. Zinachanganywa na jamu iliyobaki, zinaviringishwa kuwa vidonge, na watoto wa shule hununua vyote kabla ya kengele ya pili. Faida ya vidonge hivyo ndiyo inayomlipa mwoka mikate.

Lililotutikisa zaidi lilikuwa mwanzo wa 2024. Mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna miwa, sukari ikaadimika nchi nzima. Serikali ilitangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, lakini sehemu nyingi watu walinunua kwa 4,000 na zaidi. Duka moja hapa mjini lilitufungia mlango tukiwa na oda tatu za harusi mkononi. Wanachama wawili walitaka mikopo ya petifuu isimamishwe kabisa, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa, kwani fedha za hisa ni za wote. Wengine walisema bibi zetu walivuka ukame wa RTC. Mwisho tulikubaliana mikopo iendelee, lakini kila mkopaji anunue sukari ya oda zake zote kabla ya kupokea arbuni ya mteja, na kikundi kiweke akiba ya mifuko miwili ya kilo 50 kila mwaka kabla ya mvua za vuli. Mifuko ya mwaka huu imekwisha kununuliwa, na ufunguo wa stoo uko kwa mweka hazina.