Usufi wa Majani na Chuma cha Moto

Muislamu anaposikia kuwa Wachina hutibu kwa kuchoma majani juu ya mwili, fikra yake huenda moja kwa moja kwenye kayy. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) alitaja asali, kuumika na kuchoma kwa moto kuwa ni tiba, kisha akaukataza umma wake kuchoma. Pamoja na hayo, Jabir (R.A) amesimulia kuwa Mtume mwenyewe alimchoma Sa'd bin Muadh (R.A) kwenye mshipa uliojeruhiwa kwa mshale. Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, ameonyesha kuwa hadithi hizi hazigongani: kitendo ni dalili ya kujuzu, na katazo ni la karaha, au ni kwa asiye na haja nayo.

Swali la kutangulia hukumu ni hili: kinachomgusa mgonjwa ni nini? Kwa Waarabu kilikuwa chuma. Al-Zahrawi wa Andalus aliweka mlango mzima wa kayy, akakipendelea chuma kuliko dhahabu.

Wachina hawakutumia chuma. Wao huchukua majani ya mmea wa jamii ya pakanga, wauitao ai. Huchumwa karibu na mwezi wa tano wa kalenda yao, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa mpaka vumbi na mishipa ya jani iondoke, ukabaki usufi laini unaoungua polepole. Usufi wa zamani hupendelewa, kwani mpya una mafuta mengi na moto wake ni mkali. Li Shizhen, ambaye kitabu chake cha dawa kilichapishwa Nanjing mwaka 1596, aliyasifu majani ya Qizhou, nako ndiko kwao. (Desturi ya kuyatundika mlangoni kufukuza shari ni jambo jingine, na hukumu yake ni nyingine.)

Usufi huo hufinyangwa kama pia ndogo. Ikiwekwa juu ya ngozi tupu, huacha lengelenge, na matabibu wa kale walilitaka litunge usaha na kuacha kovu. Naona hii ni kayy, ijapokuwa hakuna chuma. Lakini mara nyingi huwekwa kwanza kipande cha tangawizi au kitunguu saumu, au chumvi kitovuni. Na tangu enzi ya Ming usufi umekuwa ukisokotwa ndani ya karatasi, ukawashwa na kushikwa mbali kidogo na mwili. Hapo ngozi hupata joto tu, bila ya kuungua. Kuliita kayy ni kufuata jina na kuacha illa.

Waislamu wa China waliishi karibu na tiba hii. Mwaka 1292 dola ya Yuan iliweka ofisi za dawa za Waislamu katika miji ya Dadu na Shangdu. Kitabu chao cha tiba, Huihui Yaofang, kilikuwa na juzuu 36. Zimesalia 4, na mojawapo ina mlango wa sindano na kuchoma.